Saa Mbili Ukutani: Historia Fupi ya Vituko vya Nyumba Zetu Guangzhou

Kila mwaka jarida letu la tarehe 9 Desemba huwa na makala ya historia, na kila mwaka historia hiyo huwa ya wakubwa: nani alitia saini wapi, nani alipandisha bendera, reli ilikabidhiwa lini. Hakuna ubaya. Lakini mwaka huu nimeiomba kamati ya jarida nafasi hiyo niandike juu ya mambo madogo zaidi, yale ambayo familia zetu huyafanya mlango ukishafungwa, na ambayo watoto wetu huona haya kuyaeleza kwa wenzao shuleni.

Sababu ni hii. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mkazi wa Sanyuanli, ana saa mbili sebuleni. Moja inafuata Guangzhou, ya pili inafuata Dar es Salaam. Mwanawe wa darasa la nne alialika rafiki zake siku ya kuzaliwa, akamwomba mama aishushe ile ya pili kwa kuwa "wataona saa yetu ni mbovu." Mama akaishusha. Aliponisimulia, mwezi mzima baadaye, ilikuwa bado iko juu ya kabati, imelazwa kifudifudi.

Nikaanza kuuliza katika nyumba nyingine: ninyi mnaficha nini wageni wakija? Majibu yalikuwa mengi na ya kuchekesha. Nilichokiona baada ya muda ni kwamba karibu kila kituko kina asili yake, na ukikifuatilia huishii jikoni: kinakufikisha kwenye reli, kwenye misafara ya wapagazi, hata kwenye majahazi. Vingine vina umri mkubwa kuliko Jamhuri yenyewe.

Tuanze na chupa ya chai. Nyumba nyingi za Watanzania hapa haziruhusu chupa ilale tupu. Kuna watu huamka usiku kuijaza. Katika nyumba moja ya Baiyun kuna sheria kwamba anayemimina kikombe cha mwisho ndiye anayechemsha tena, na kwa hiyo kila mtu huacha robo kikombe ndani ili asiwe yeye wa mwisho. Mtoto wa jirani akiuliza kwa nini wasitumie tu birika la umeme, ambalo huchemsha kwa dakika chache, hakuna anayejua la kumjibu.

Jibu lina tarehe. Mnamo tarehe 5 Septemba 1967, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mkataba wa kujenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Watoto wetu wanaijua TAZARA kwa urefu wake, kilomita 1,860, na kwa mkopo wake usio na riba. Kipengele kimoja hakisemwi sana, nacho ndicho kilichoingia majumbani. Gharama za ndani ya nchi, kama mishahara ya vibarua wetu, zilihitaji shilingi na kwacha, si yuan. Ikakubaliwa kwamba China ilete bidhaa zake, ziuzwe kupitia mashirika ya umma ya biashara, na fedha zitakazopatikana zilipie gharama hizo. Kwa hiyo mtu aliyeingia dukani miaka ile akanunua kitu cha Kichina alikuwa analipia kipande cha reli, ajue asijue.

Bibi yangu wa Ifakara alinunua chupa yake wakati huo, ya bati, imechorwa maua mekundu. Alichemsha chai mara moja alfajiri, akaifunga, akaenda shamba. Jioni chai bado ya moto, na kuni hazikuwashwa mara ya pili. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Chupa iliokoa kuni, na ilimwokolea mwanamke mwendo wa kwenda kuzitafuta. Kioo cha ndani kilipovunjika hakuitupa. Ganda lake likawa la kuwekea chumvi. Mama yangu aliirithi ile amri, "chupa isilale tupu," bila kurithi kuni. Mimi nimeileta hadi ghorofa ya 14, kwenye nyumba yenye birika la umeme.

Waliotengeneza chupa hizo nao walikuwa na sababu yao. Mwaka 1952 serikali ya China ilianzisha kampeni kubwa ya usafi na afya, na mojawapo ya mafundisho yake lilikuwa kwamba maji yachemshwe kabla ya kunywewa. Chupa ya kutunza maji ya moto ikawa kitu cha lazima kiwandani, shuleni na nyumbani. Mafundi wa reli, ambao wengi walipanda meli hapa hapa katika bandari ya Huangpu, walikuja kwetu na desturi hiyo. Bibi alikuwa akituhadithia kwamba Wachina wa reli walikunywa maji ya moto matupu, bila majani wala sukari, naye kwa muda mrefu alidhani ni umaskini. Zaidi ya 60 kati ya mafundi hao hawakurudi kwao, na kaburini Gongo la Mboto wengi wao wamelala mpaka leo. Mwenye nafasi akienda likizo awapeleke watoto pale. Ni nje kidogo ya jiji, si mbali na uwanja wa ndege.

Kwenye chai hiyo hiyo Guangzhou imetuongezea jambo. Watu wa hapa wakimiminiwa chai hugonga meza polepole kwa vidole viwili, ndiyo shukrani yao. Wenyewe husimulia kwamba mfalme Qianlong alikuwa akitembea kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake, na mtumishi, kwa kuwa hakuweza kupiga magoti hadharani, akapiga magoti kwa vidole. Hadithi ya mezani, lakini desturi ni ya kweli na watoto wetu wameishika. Binti yangu alipokwenda Ifakara mara ya kwanza, bibi akammiminia chai, mtoto akagonga meza. Bibi akaweka chupa chini. "Huyu ananiharakisha?" Ilichukua muda kumweleza. Alipoelewa akaipenda kuliko sisi, na tangu siku hiyo akawa anagonga meza kwa nguvu mpaka vikombe vinacheza, hata akimiminiwa uji.

Salamu nazo zina kisa chake. Familia moja ya Xiaobei iliwafundisha watoto wake kumwamkia kila mtu mzima shikamoo, na sheria hiyo haikubagua taifa. Kwenye lifti ya jengo lao kulikuwa na bibi wa Kichina aliyekaa ghorofa ya chini yao. Watoto wa Kichina walimwita Popo, neno la heshima kwa bibi mzee. Nanyi mnajua popo kwetu ni mnyama gani. Siku mama alipomsikia mwanawe wa miaka mitano akimwita mama mzee popo mbele za watu alitaka ardhi impasuke. Baada ya kuelezwa na jirani, nyumba ile ilifikia mwafaka wake: wakamwita "Bibi Popo", na salamu ikabaki shikamoo. Yule bibi akajifunza kuitikia.

Ukilitazama vizuri, hakuna mahali ambapo malezi ya Kitanzania na ya Kikantoni yanakutana kirahisi kama hapa. Kwao pia mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina lake. Humwita shangazi, mjomba, babu, hata kama ni muuza mboga. Mtoto anayedhani shikamoo ni kituko cha nyumbani kwao peke yake akae tu nusu saa kwenye lango la jengo lake awasikilize watoto wa Kichina wakipita.

Sasa twende kwenye kabati. Nyumba zetu nyingi zina kabati la kioo lenye vyombo visivyoguswa. Mtoto anauliza sahani hizi ni za nani, anaambiwa ni za wageni. Wageni gani? Hakuna jibu, maana hata wageni wakija hutolewa zile za kawaida. Jambo hili linachekesha Dar es Salaam, lakini Guangzhou linachekesha zaidi. Tumo ndani ya mkoa wenye mji wa Chaozhou, unaofinyanga na kuchoma vyombo vya kauri vya kuuzwa dunia nzima, na seti nzima kwenye soko la jumla inaweza kuwa na bei ya chakula cha mchana. Bado tunaifungia kwa ufunguo.

Watu wa pwani wamekuwa wakifanya hivyo kwa karne nyingi. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Pate ukuta wa chumba cha ndani una zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na ndani yake viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China. Si vya kulia chakula, vya kutazamwa. Wengine walivipeleka hadi makaburini. Pale Kunduchi, ndani ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo ambayo yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyokandikwa kwenye chokaa, na Mambrui karibu na Malindi vivyo hivyo. Vipande vya kauri za China vya karne ya 9 vimefukuliwa Unguja Ukuu, na vingine Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipotembea pwani yetu kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwaka 1955 alistaajabu kukuta vipande hivyo ni vingi kiasi cha kuzolewa kwa koleo, akasema historia ya zamani ya Tanganyika imeandikwa kwa kauri za China. Naye alikuwa amechimba Uingereza na India, si mtu wa kustaajabu ovyo.

Vyombo hivyo havikuja kwa meli moja. Vilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa India, wa Uajemi na wa Uarabuni, kila mmoja akiongeza bei yake, na ndiyo maana vilipofika Kilwa vilikuwa vitu vya kufungia. Bei imeshuka, mkono bado unakumbuka ile ya zamani.

Na huku upande wa pili wa njia hiyo hiyo, zama za Tang na Song, Guangzhou ilikuwa na mtaa wa wafanyabiashara wa kigeni ulioitwa fanfang, karibu na msikiti wa Huaisheng. Mnara wa msikiti huo, wenye urefu wa mita 36 hivi, bado umesimama Barabara ya Guangta. Ukiwa na watoto Jumamosi isiyo na kazi, uwaonyeshe. Familia za wageni zilizokuwa zikipika vyakula vyao vya ajabu na kufuata sikukuu zao ndani ya jiji hili si jambo lililoanza na sisi.

Mboga nitazipitia haraka kwa sababu kila mmoja anazijua. Wapo wanaojificha kula matembele, eti ni chakula cha kijijini. Majani ya viazi vitamu yanauzwa katika kila soko la Guangdong na yanapikwa kwa kitunguu saumu kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe. Mchicha pia, wa kijani na ule wenye damu. Kilichotusumbua ni sembe tu, maana unga wa mahindi wa hapa ni wa njano na ugali wake watoto huuita keki. Ndiyo maana sembe husafirishwa, na hapo tunaingia kwenye mizani.

Hakuna nyumba ya Mtanzania Guangzhou isiyo na mizani. Wengine wanazo tatu: ya kuning'iniza begi, ya kusimama, na ile ya jikoni kwa ajili ya "vile vya mwisho". Begi la nyumbani halifungwi siku ya safari. Linakaa pembeni ya chumba miezi mitatu likiongezwa kidogo kidogo, dawa ya bibi, viatu vya mpwa, simu ya mjomba ambaye alitaja rangi mara nne. Nyumba moja ninayoifahamu vizuri ina mchezo. Usiku wa kuamkia safari wote husimama kuzunguka begi, kila mtu anabahatisha uzito, kisha baba analiinua kwa mizani. Aliyekaribia hula sambusa ya mwisho. Kitinda mimba wao, akiwa na miaka saba, aliweza kutaja uzito kwa kulitazama tu, akakosea kwa nusu kilo.

Hii ni elimu ya ukoo. Miaka ya tisini wafanyabiashara wetu walikuwa wakinunulia Dubai, Bangkok na Hong Kong. Baada ya msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997, na zaidi baada ya China kuingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, njia ikahamia hapa. Wale wa mwanzo walikaa wiki mbili, wakajaza mabegi, wakarudi. Waliobaki wakawa mawakala wa kujaza makontena, wakaoa, wakaleta wake na waume, ndipo zikapatikana nyumba. Air Tanzania ilianza kuja Guangzhou mwaka 2021, na kabla yake tulikuwa tukizunguka Nairobi, Addis Ababa au Doha, kila shirika na kilo zake.

Na mzigo wenyewe unakwenda wapi? Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yao walikuwako wapagazi wa misafara, Wanyamwezi wengi, waliotoka bara hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, na frasila ni karibu kilo 16. Zidisha. Ni kilo 32, ambacho ndicho kipimo cha juu ambacho mashirika mengi ya ndege hukubali kwa begi moja leo. Sidai kwamba kuna uhusiano. Nadhani ni mwisho wa mgongo wa binadamu tu, wa mpagazi na wa kijana anayepakia mizigo Baiyun. Lakini mtoto aliyebahatisha uzito kwa macho ana mababu waliofanya hivyo kabla ya jua kuchomoza, maana mpagazi aliyekosea kukadiria alilipia njiani.

Hata "mzigo wa mtu", lile begi dogo unalombebea asiyekuhusu kwa sababu mama yake anamjua mama yako, lina kielelezo chake. Mwandishi Mwaustralia Alan Villiers alisafiri kwa jahazi la Kikuwaiti mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji, akaeleza jinsi kila baharia alivyokuwa na sanduku lake la biashara ndogo ndogo, mbali na shehena ya nahodha. Mzigo mkubwa ulikuwa wa tajiri, na sanduku lilikuwa la nyumbani. Sisi tunasema kontena na begi.

Nirudi kwenye saa. China nzima ina saa moja rasmi, na kati yake na Afrika Mashariki kuna tofauti ya saa tano. Hilo kila mtoto wetu analijua kwa sababu ndilo linaloamua lini anaweza kuzungumza na bibi. Ugumu unakuja kwa kuwa bibi hahesabu kama shule inavyohesabu. Bibi anaanza siku jua likichomoza: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, na ndivyo watu wa ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, walivyo na haki ya kuhesabu. Kwa hiyo mtoto wa Guangzhou ana saa tatu kichwani: ya hapa, ya Dar es Salaam kwa namba za simu, na ya Dar es Salaam kwa mdomo wa bibi. Bibi anasema "nipigie saa mbili," mtoto anapiga saa ambayo bibi yuko shambani, lawama zinakuja kwa mama.

Kumbe kuna kanuni. Mzee mmoja wa jumuiya, wakala wa mizigo wa siku nyingi, ndiye aliyenionyesha, naye aliigundua kwa kukaa macho usiku akisubiri simu za Kariakoo. Tazama saa ya Guangzhou, ongeza moja, na hiyo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani. Hapa mshale uko kwenye 12 mchana, kule ni saa moja asubuhi. Hapa ni 2 alasiri, kule ni saa tatu asubuhi. Hapa ni 8 usiku, kule ni saa tisa alasiri. Haikosei kamwe. Inatokana na hesabu ndogo: tumewatangulia kwa saa tano, na Kiswahili kinarudi nyuma saa sita, jumla kumi na moja, yaani upungufu wa moja kukamilisha duara.

Yule kijana wa Sanyuanli nilimfundisha kanuni hii. Hakuniamini. Alinipima kwa namba zote kumi na mbili, moja moja, huku akiandika pembeni ya daftari la hesabu. Saa imerudi ukutani, na nasikia sasa anawatoza wenzake pipi kwa kubahatisha bibi yake anasema ni saa ngapi.

Kanuni hiyo pia inaeleza kituko kingine. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Saa sita usiku ya Dar es Salaam hapa ni saa 11 alfajiri. Familia moja huwaamsha watoto wakati huo kila mwaka, giza bado, na kwa kuwa usiku ule ule Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro, mtoto mmoja hupanda juu ya kiti akiwa na tochi ya simu. Kiti ndicho mlima. Wanapokezana kwa miaka, na yupo aliyelia kwa kuwa zamu yake iliangukia mwaka ambao alikuwa na homa. Baada ya hapo wanakunywa chai, wanarudi kulala.

Si kila kilichomo ndani ya nyumba zetu kimetokana na furaha. Kwenye misumari ya nyuma ya mlango utakuta mfuko wa plastiki wenye pasipoti zote, nakala zake, mkataba wa pango na karatasi za polisi. Sheria hapa inataka mgeni asiyekaa hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu afike, na katika nyumba nyingi mtu akitoka uwanja wa ndege hapewi hata maji kabla ya kwenda kuandikishwa. Bibi harusi mmoja alipelekwa kituoni akiwa na hina mbichi mkononi. Watoto wanautania mfuko huo. Wanauita "mwanafamilia wa sita". Ulianza kuning'inia mlangoni katika miaka ya ukaguzi mkali wa mitaani. Julai 2009 Waafrika kwa mamia, wengi wao Wanijeria, waliandamana mbele ya kituo cha polisi baada ya mwenzao kuumia akiruka dirishani kukwepa ukaguzi wa hati. Baada ya hapo wazazi wengi waliacha kuuweka kabatini.

Halafu ikaja Aprili 2020. Wanaokumbuka wanakumbuka. Katikati ya hofu ya korona Waafrika wengi wa jiji hili walitolewa kwenye vyumba walivyopanga, hoteli zikawakataa, na wengine wakafungiwa ndani siku 14 bila ya kuwa wamesafiri popote. Jiji lilitangaza wakati huo kwamba Waafrika waliokuwapo walikuwa 4,500 na ushee, wachache kuliko siku za nyuma. Mifuko ya mlangoni ilifanya kazi yake. Waliokuwa nayo walitoka na hati zao mkononi.

Ile familia ya Xiaobei haikutolewa, ilifungiwa. Siku ya tatu wakasikia mlango ukigongwa kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeshukuru chai. Walipofungua hawakukuta mtu. Chini palikuwa na mfuko wa mchicha, matembele na mayai. Ikawa hivyo kila baada ya siku mbili mpaka karantini ikaisha. Hakuna aliyemwona akipanda, lakini lifti ilisimama ghorofa ya chini yao kila mara.

Familia hiyo ilirejea Tanzania mwishoni mwa mwaka ule na inaishi Tabata. Nao sasa wana vituko vipya. Mama hunywa maji ya moto matupu katikati ya joto la Januari, majirani humuuliza anaumwa nini. Watoto hugonga meza wakimiminiwa chai, na shuleni kwao wameambukiza dawati zima. Kila Mwaka Mpya wa Kichina huvaa kitu chekundu na kumpigia simu Bibi Popo kwa WeChat, hapa ikiwa jioni na kule bado mchana. Yeye hasikii vizuri siku hizi, hushika simu karibu na sikio badala ya kuitazama, kwa hiyo wanachoona wao ni sikio tu na nywele nyeupe. Wanasema shikamoo wote watatu kwa pamoja. Kikantoni hakina "r", naye hujibu vile vile kama zamani kwenye lifti: "Malahaba."